Maswali Yenu: Rifu za dethi metali ya kale ambazo hazichuji mpaka leo

Toleo lililopita kuna mtu aliuliza kuhusu magitaa ya distosheni, ule mlio wa gitaa la umeme uliochafuliwa makusudi, nikamjibu mistari miwili mitatu, nikataja bendi za Death na Morbid Angel nikapita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja za kutosha, wengine wananishukuru, wengine wananiombea, na mmoja kauliza kama nimelogwa. Basi leo safu nzima ni dethi metali, ule muziki mzito wa magitaa na waimbaji wanaounguruma, ile ya kale, ya kati ya 1987 na 1993 hivi, ile iliyojengwa na rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia. Asiyeitaka aruke ukurasa, hatugombani.

Anko mambo. Nina miaka 22, nipo Arusha. Dethi metali ya siku hizi naisikiliza sana, jamaa wanapiga gitaa kwa kasi mpaka unaogopa, ila albamu ikiisha sikumbuki hata kipande kimoja. Nikirudi kwenye Human ya Death au Altars of Madness ya Morbid Angel zinanikaa kichwani wiki nzima, na hizo zimetoka kabla sijazaliwa. Ni ushamba wangu au kuna kitu hapo?

Poa kabisa mdogo wangu. Ushamba hamna hapo, masikio yako yapo sawa.

Tuanze na kitu ambacho watu wengi hawakiangalii. Kwenye nyimbo tunazozisikia kila siku kinachobaki kichwani ni kiitikio, mtu anaimba, we unaenda zako dukani huku unaimba naye. Dethi metali haina hicho kitu. Mwimbaji anaunguruma, hana noti anayoishika, na hata maneno mara nyingi huyapati mpaka usome kikaratasi cha albamu. Sasa kama mwimbaji hakuachii cha kukumbuka nani atakuachia? Gitaa. Mzigo wote wa wimbo unaangukia kwenye rifu, kile kipande kifupi cha gitaa cha sekunde chache kinachojirudia mara nne hivi afu kinampisha mwenzake. Rifu ikiwa mbovu hakuna pa kujifichia, huna sauti tamu ya kuokoa wimbo, huna kinanda, huna chochote. Kwahiyo wale vijana wa mwisho wa miaka ya 80 ilibidi kila rifu isimame yenyewe, yani uweze kuiimba kwa mdomo, du-gu-du-gu, umekaa kwenye daladala.

Angalia walivyofika hapo. Bendi za Slayer na Possessed walishafungua njia, Possessed hasa na albamu ya Seven Churches ya 1985, ile bado ina damu nyingi ya threshi metali, ile metali ya kasi iliyotangulia dethi, lakini unasikia kitu kinaharibika ndani yake, kinaoza kwa raha. Chuck Schuldiner, mpiga gitaa na mwimbaji, alianza na bendi ya Mantas huko Florida, Marekani, mwaka 1983, mwaka uliofuata ikaitwa Death, na 1987 ikatoka Scream Bloody Gore. Ile ni rahisi, rifu za kijana anayependa filamu za kutisha, ila tayari unaona jamaa ana kipaji cha kutunga kipande ambacho ukikisikia mara moja unakidai. Leprosy ya 1988 imekaza zaidi. Halafu 1991 akatoka na Human na hapo ndo mambo yakawa mengine kabisa.

Kwenye Human Schuldiner alikuwa na miaka 24, kamchukua Paul Masvidal gitaa na Sean Reinert drami, wote wa bendi ya Cynic na wote wana kama miaka 20, umri wako na pungufu, na Steve DiGiorgio kwenye besi. Wimbo wa kwanza, Flattening of Emotions, unaanza na kiki mbili, zile ngoma nene zinazopigwa kwa miguu, zinakuja kutoka mbali taratibu zinakua zinakua mpaka gitaa linaingia. Reinert alikuwa ameshakunywa jazi ya kutosha, mkono wake mwepesi kwenye matoazi, anaweka vijikono vidogo vidogo kati ya mapigo ambavyo mpiga drami wa metali wa siku zile hakuwa anaviwaza. Lakini sasa sikiliza kwa makini, huo ufundi wote unafanya kazi gani? Unaibeba rifu. Hakuna sehemu kwenye albamu ile unaposema hapa jamaa anajionyesha. Na albamu yenyewe ni fupi, dakika thelathini na kitu, hujashiba imeisha, unarudia.

Afu kuna siri moja ya utunzi ambayo nikiwaonyesha watu huwa wanashangaa, na ukishaijua utaisikia kila mahali. Rifu moja, mapigo tofauti. Gitaa linapiga kipande kilekile, noti zilezile, ila drami chini yake zinabadilika, mara ya kwanza blasti biti, ule mdundo wa kasi ambao snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, na kiki zinafukuzana bila kupumua, mara ya pili mpiga drami anakata mwendo nusu, na wewe msikilizaji unadhani rifu imebadilika wakati haijabadilika hata kidogo. Inakuwa nzito ghafla. Altars of Madness ya 1989 imejaa hiyo michezo. Mpiga drami Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador aliyetokea bendi ya Terrorizer, anamsukuma mpiga gitaa Trey Azagthoth mpaka unahisi gitaa linataka kumtoroka, halafu anamwachia. Na hiyo albamu inaanza na rifu iliyogeuzwa, Immortal Rites, wameipiga afu wakaigeuza mkanda ukaenda kinyumenyume, sekunde chache tu, ila ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani spika imeharibika.

Kitu kingine ni noti zenyewe. Hawa hawakukaa kwenye skeli tamu inayokurudisha nyumbani. Wanatembea hatua ndogondogo, kutoka freti moja, vile vyuma vya shingo ya gitaa, kwenda inayofuata, wanaruka ule umbali mchungu ambao watu wa kwaya wanaukwepa, kwahiyo sikio lako linangoja kitu kitulie na hakitulii. Ndo maana zinakukaa wiki nzima, kichwa bado kinatafuta pa kuzimalizia.

Sasa kwanini za siku hizi hazikukai, na hapa najua kuna watu watanichukia. Sio kwamba vijana wa leo hawajui, wanajua kuliko wale, kwa ufundi wa mikono peke yake Schuldiner angekaa nyuma ya wengi wao. Shida ni kwamba siku hizi unaweza kutunga kwenye kompyuta rifu kumi na tano, ukazikata ukazibandika, ukapata wimbo kabla bendi haijakaa chumba kimoja hata siku moja. Wale walirekodi kwenye mkanda, na kabla ya kuingia studio walikuwa wamepiga hizo nyimbo gereji mpaka majirani wanazijua, demo, zile rekodi za majaribio, zimezunguka dunia kwa posta, kaseti mkononi kwa mkononi, kwahiyo rifu dhaifu ilikuwa imeshakufa njiani. Kasi ikawa ndo bidhaa baadaye. Noti zikiwa nyingi mno kwenye sekunde moja sikio linaacha kuhesabu, linasikia ukungu tu. Wapo wa leo wanaotunga vizuri sikatai, ila ukiniuliza mimi albamu mia za kiufundi za karibuni nitazibadilisha zote na Unquestionable Presence ya Atheist na sitadai chenji.

Na hiyo Atheist usiipite. Wa Sarasota, Florida pia. Roger Patterson mpiga besi wao alikuwa ametunga sehemu zake zote za albamu hiyo, akafariki kwenye ajali ya gari wakiwa njiani kwenye ziara, Februari 1991, na Tony Choy wa Cynic ndo akaja kuzirekodi. Demo ambazo Patterson mwenyewe anapiga zipo, zitafute. Besi yake haifuati gitaa, inabishana nalo, na gitaa mara nyingine linashindwa.

Mwandishi habari za kazi. Mimi ni mtu mzima wa Tanga, nimekulia kwenye dansi, nimewaona watu wakipiga solo mpaka jasho linachuruzika. Kijana wangu anaishi na huo muziki wenu chumbani, ananiambia magitaa yake ni ya kiufundi kuliko ya kina Franco. Mimi nasikia makelele. Ananidanganya?

Shikamoo mzee wangu. Kijana kavuka mpaka kumleta Franco, hilo mtamalizana nyumbani. Ila hajakosea kila kitu, naomba unisikilize kidogo.

Wewe unaijua rumba, unajua wimbo unaanza taratibu watu wanaimba mapenzi na mateso, afu waimbaji wanakaa pembeni na sebene linaingia. Pale nani anaongoza? Gitaa. Solo anashika kipande kifupi anakizungusha, anakizungusha tena, anabadilisha noti moja mwishoni, mi-solo anapita katikati, rhythm yupo chini hayumbi, na watu wote ukumbini wapo ndani ya kile kipande, hawangoji tena mwimbaji. Chukua hilo sebene, lifute furaha, lisiwe na nafasi ya kucheza, likaze nyuzi mpaka liwe na hasira, afu anza nalo wimbo badala ya kumalizia nalo. Hapo umekaribia sana anachosikiliza mwanao. Tofauti kubwa ni kwamba magitaa mawili ya hawa mara nyingi hayapokezani, yanapiga kitu kilekile pamoja kwa nguvu, na ndo maana wewe mzee wa dansi unasikia ukuta badala ya mazungumzo.

Mwambie siku moja akuwekee Cosmic Sea, ipo kwenye Human, haina mwimbaji kabisa kwahiyo hakuna wa kukuungurumia. Au ile Samba Briza ya Atheist kwenye Elements ya 1993, fupi, samba kweli ya Brazil katikati ya albamu ya dethi metali, hiyo hata wewe utatikisa bega. Ukishindwa zote mbili basi mnunulie headphone, amani irudi.

Naomba msaada. Mwanangu wa kidato cha tatu kaanza kuvaa fulana nyeusi zenye mafuvu na kusikiliza nyimbo za kishetani. Anasema ni muziki tu. Tuko Moshi, sisi ni watu wa kanisa. Nifanye nini?

Mama shikamoo, na pole kwa wasiwasi. Sitakudanganya ili nikufurahishe. Bendi zinazomwimba shetani waziwazi zipo. Glen Benton wa Deicide alijichoma alama ya msalaba uliopinduliwa kwenye paji la uso, na ukisoma maneno yao huwezi kusema ni mzaha tu. Cannibal Corpse hawana habari na shetani lakini maneno yao na picha za majalada ni za kuchinja na kukatakata, Ujerumani walipigwa marufuku kupiga nyimbo za albamu zao za mwanzo jukwaani mpaka 2006. Hizo ukisema hazifai kwa mtoto wa kidato cha tatu nipo upande wako.

Ila muulize anasikiliza bendi gani, kwa jina. Kwa sababu Death, ambao jina lao peke yake linatosha kumtisha mchungaji, tangu mwisho wa miaka ya 80 waliacha mambo ya mazombi wakaanza kuandika vitu vingine kabisa. Pull the Plug ni ya mgonjwa anayeishi kwa mashine hospitali anaomba waichomoe. Living Monstrosity ni ya mtoto aliyezaliwa na mama anayetumia kokeini. Jalada la Spiritual Healing la 1990 lina mhubiri anamponya mgonjwa mbele ya watu, na ukiliangalia vizuri utajua mchoraji alimaanisha nini, na hiyo mada si ngeni kwetu. Obituary nao kwenye albamu ya kwanza John Tardy sehemu kubwa anatoa sauti tu, hata maneno hayapo, mtoto hapati cha kufundishwa hapo hata angetaka.

Na nikupe kitu kimoja kuhusu mama mwenzako. Chuck Schuldiner alipokuwa na miaka 9 kaka yake alikufa kwenye ajali ya gari, wazazi wakamnunulia gitaa apate pa kuweka majonzi. Gereji ya nyumbani kwao ndo bendi ilipofanyia mazoezi. Alipougua uvimbe kwenye ubongo na kufariki Desemba 2001 akiwa na miaka 34, mama yake ndo aliyeendelea kuongea na mashabiki wa mwanae. Kaa chini na kijana akusomee maneno ya wimbo anaoupenda, kwa sauti, mbele yako. Ukiona anaona aibu kuusoma basi huo wimbo mnajua cha kuufanya. Fulana sio kesi, mwache, ila Jumapili avae shati.

Anko niko Mwanza nina gitaa la umeme la kawaida na amplifaya ndogo. Nimelegeza nyuzi mpaka chini kabisa ili nipate uzito, nikiweka distosheni full inakuwa tope tupu, rifu haisikiki. Nifanyeje?

Umejibu mwenyewe, distosheni full. Punguza. Yani punguza mpaka uone kama umepunguza sana, afu hapo ndo karibu na sahihi. Distosheni ikizidi kila noti inaungana na mwenzake, na huu muziki ni wa noti kuachana. Ukiwasikiliza Death peke yao bila kelele za chumbani utashangaa gitaa lilivyo kavu.

La pili, usilegeze mpaka chini. Death walikuwa wanashusha toni moja nzima tu, nyuzi zote, kwahiyo ule mnene unakuwa D badala ya E. Inatosha sana kwa kuanzia. Wale wa Stockholm kina Entombed ndo walishuka chini zaidi, ila huko unahitaji nyuzi nene, ukishuka na nyuzi zako nyembamba zinakuwa kamba ya kuanikia nguo na hazikai kwenye noti.

Tatu na hii ndo kazi yenyewe, mkono wa kulia. Watu wanahangaika na vidole vya kushoto miaka, kumbe rifu ipo kulia. Ule upande wa kiganja wa kidole kidogo uuweke juu ya nyuzi pale zinapotokea kwenye daraja, sio katikati, palepale kwenye daraja, ili noti ikatike, dug dug. Ukisogea mbele kidogo noti inakufa kabisa, ukirudi nyuma inalia wazi, na rifu nzuri inachezea hizo sehemu, iliyozimwa na iliyoachiwa. Piki iwe ngumu, ishike fupi, ncha tu itokeze. Piga chini-juu chini-juu kwa kifundo cha mkono, bega na kiwiko vilegee, ukiona mkono wa mbele unawaka moto simama, umekaza. Weka metronomu kwenye simu, anza na mwendo wa kizee kabisa, panda pale tu unapopiga safi mara kadhaa mfululizo, na usijirekodi ukitumia efekti za kuficha.

Nyimbo za kuanzia, zile sehemu za pole za Slowly We Rot ya Obituary, hapo utajifunza uzito bila kasi. Ukishaziweza njoo kwenye Leprosy, wimbo wenyewe wa jina la albamu. Human iache kwanza, na Atheist usiiguse mwaka huu.

Bro, naandika kutoka Nairobi. Kila picha ya hizi bendi ni wazungu wa nywele ndefu. Weusi tuko wapi kwa hii story?

Mko ndani kabisa bro, tena sio kwa kusindikiza. Chukua bendi ya Suffocation wa Long Island, New York, albamu yao Effigy of the Forgotten ya 1991. Gitaa Terrance Hobbs, drami Mike Smith, wote weusi, na hao wawili ndo injini ya ile albamu, Frank Mullen anaunguruma juu yao. Ukisikiliza dethi metali yoyote ya kikatili ya leo unamsikia Hobbs na Smith hata kama bendi yenyewe haijui. Ule wimbo Liege of Inveracity una sehemu ambapo kila kitu kinapungua mwendo ghafla, rifu inakuwa nzito ya kutingisha kichwa, sehemu ile moja watu wakaichukua wakajenga nayo tawi zima linaloitwa slamu. Smith naye blasti biti yake haikuwa ya kukimbia tu, ana namna ya kuangusha kiki na snea pamoja inayofanya rifu ngumu ya Hobbs isikike kwa mpangilio, na hizo rifu ni ngumu, zinakatika katikati ya hesabu, zinaanza upande usioutegemea, ila ukizisikia mara tatu zinakuwa za kwako.

Effigy kwangu ndo kilele cha hili suala tunaloongea leo, ufundi wa juu kabisa na bado kila rifu ina sura yake. Sina cha kuongeza hapo.

Na huku kwetu, Nairobi yenyewe mmekuwa na bendi ya Lust of a Dying Breed, dethi metali haswa. Duma walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ila wale ni kelele za aina nyingine, mashine na graindi, ile metali ya kasi kupita kiasi, rifu ukizitafuta mle utapotea. Ukitaka rifu za shule ya kale barani nenda Botswana, Wrust na Overthrust, na uwaone mashabiki wao na ngozi zao na makofia ya kicowboy, wazungu wa Tampa, Florida, hawajawahi kupendeza vile.

Hivi Tampa kuna nini? Kila albamu naona imerekodiwa huko.

Studio inaitwa Morrisound, ya ndugu Jim na Tom Morris, ilifunguliwa 1981. Na fundi mitambo Scott Burns. Shida ya muziki wa kasi ni kwamba kiki zikikimbia kwenye spika zinakuwa uji, husikii kupigwa unasikia mtetemo tu. Pale Morrisound walijua kuipa kiki ule mlio mkali wa juu, tak tak, kila pigo lisikike, na magitaa yakapewa nafasi yake. Neno likasambaa, Obituary, Deicide, Death, Suffocation wakatoka New York, Sepultura wakatoka Brazil kuja kufanya Arise, Cannibal Corpse wao wakatoka Buffalo wakaishia kuhamia kabisa. Baadaye watu wakalalamika kwamba kila albamu inalia sawa, na kwa kiasi fulani ni kweli, za 1992 zingine ukinifunga macho nachanganya. Burns mwenyewe katikati ya miaka ya 90 aliacha studio akaenda zake kwenye kazi za kompyuta.

Hao waimbaji koo haliumi?

Anayefanya vibaya linamuuma, na anaharibikiwa. Anayefanya vizuri hatumii nyuzi za sauti kwa nguvu, sauti inatengenezwa na vikunjo vilivyo juu yake, na pumzi inatoka tumboni taratibu, kwa kweli ukisimama karibu yake bila maiki sauti ni ndogo kuliko unavyodhani. Usijaribu baada ya kupiga kelele mpirani. Na kama unataka kusikia mwisho wa hiyo njia tafuta Nespithe ya Demilich, Wafini wa Kuopio, 1993, jamaa Antti Boman anatoa sauti ya chini kama chura aliyemeza spika, na rifu za mle hazifanani na za mtu yeyote, sio Florida sio New York, zinajinyonganyonga tu. Albamu moja wakapotea miaka mingi. Inatosha ile moja.

Florida au Sweden? Jibu moja tu usizunguke.

Florida. Kwa rifu, Florida na New York.

Wasweden walikuwa na mlio, pedali ya Boss HM-2 vitufe vyote vinne vimezungushwa mpaka mwisho, studio ya Sunlight na Tomas Skogsberg, na Left Hand Path ya Entombed ya 1990 naipenda sana, ile sauti ya msumeno ukiiwasha nyumba nzima inaamka. Ila ukiitoa ile pedali, rifu nyingi za wafuasi wao zinabaki za kawaida. Ukiichukua Human ukaipiga kwa gitaa la kawaida lisilo na umeme, rifu bado zipo palepale.

Maswali ya besi niliyoyaruka, hasa ya yule wa Dodoma aliyeuliza kuhusu DiGiorgio kupiga besi isiyo na freti, yanakuja toleo lijalo.